Tulivyogombania Sombe Mtandaoni

Mtu akitaka kusoma habari za wilaya yetu ya Kasese, Uganda, kwa Kiswahili mtandaoni, atasoma maneno yangu. Makala ya mji wa Kitswamba niliianzisha mimi. Ya Kisinga pia ni yangu, pamoja na picha ya barabara ya hospitali ya misheni, niliyoipiga nikiwa nimekaa nyuma ya boda boda huku dereva akilalamika kwamba namtikisa. Kwa ajili ya makala ya Kahendero nilikwenda mwenyewe hadi mwaloni, wavuvi wanakoshusha samaki kwenye Ziwa George, nikarudi nyumbani nikinuka samaki wa ngege hata mke wangu akanielekeza bombani kabla ya kunisalimu.

Kamusi elezo ninayoisema haina mwenyewe. Yeyote anaweza kuandika makala, yeyote anaweza kusahihisha ya mwenzake, na hakuna anayelipwa. Tuko wahariri wa kujitolea, wengi wetu hatujaonana uso kwa uso. Kila mmoja anajulikana kwa jina la kujibandika tu.

Mimi niliondoka kwetu Bwera, mpakani na Kongo, sina kitu. Nairobi nilibeba saruji kwenye duka la vifaa vya ujenzi mchana, jioni nikaingia darasani na vumbi kichwani. Nilipata diploma ya teknolojia ya habari, na leo imetundikwa ukutani juu ya printa, mahali ambapo mteja akisubiri karatasi zake lazima aione. Niliporudi sikumwomba ndugu yeyote mtaji. Nilifungua kituo cha intaneti Bwera, karibu na barabara ya kwenda Mpondwe, kikiwa na kompyuta za wateja, sola juu ya paa na mtandao usiokatika mvua ikinyesha. Waliosema nimerudi kwa sababu mji ulinishinda sasa wanakuja kwangu kuchapisha barua zao za maombi.

Ugomvi ulianza na sombe. Niliandika makala fupi, safi, iliyoanza hivi: "Sombe ni chakula cha Wakonzo wa Kasese, Uganda, kinachopikwa kwa majani ya muhogo yaliyotwangwa na karanga. Huliwa pia Kongo." Asubuhi iliyofuata nikakuta mhariri mmoja mwenye jina la ndege ameigeuza. Sasa ilisomeka kwamba sombe ni chakula cha Kongo kinachopikwa kwa mawese, na kwamba Wakonzo wa Uganda wamejifunza kukila.

Wamejifunza! Nikairudisha ilivyokuwa. Akaigeuza tena. Nikairudisha. Kwenye ukurasa wa majadiliano, ambako wahariri hutakiwa kuzungumza badala ya kufutiana, nikamwandikia kwamba mawese yanaficha ladha ya majani. Akajibu kwamba asiyejua mawese hajala sombe, amekula majani tu kama mbuzi. Nikamjibu kwamba mbuzi wa Bwera wanakula vizuri kuliko yeye. Kila nilichoandika alikijibu siku hiyohiyo, kwa Kiswahili chenye ulimi wa ng'ambo ya mpaka. Nilimpa sura kichwani mwangu: kijana wa Kinshasa, mwenye miwani ya jua, asiyewahi kushika mchi maishani.

Halafu tukapata pigo. Mkabidhi mmoja wa Tanzania, yaani mhariri aliyepewa na wenzake mamlaka ya kufunga kurasa na kuzuia akaunti, aliandika chini ya ugomvi wetu. Wakaguzi, wanaoweza kuona kila akaunti inatumia mtandao upi, walikuwa wameangalia, na akaunti zetu mbili zilikuwa zinatoka kwenye anwani moja ya mtandao, siku zilezile, saa zilezile. Alishuku kwamba sisi ni mtu mmoja mwenye akaunti mbili, anayejibishana mwenyewe ili makala yake ionekane ina wasomaji. Kwetu hilo ni kosa kubwa kuliko matusi. Tusipojieleza ndani ya juma moja, akaunti zote mbili zingezuiwa daima, na makala zetu zote zingepitiwa upya kana kwamba zimeandikwa na tapeli.

Mimi, tapeli? Akilini niliona Kisinga, Kitswamba na Kahendero vikibandikwa alama ya shaka, na kila aliyewahi kunisifu barabarani akiisoma. Nikakaa kwenye meza yangu ya mapokezi, katikati ya mchana, kituo kimejaa, nikaandika jibu kali. Nilisema kwamba mimi ni msomi mwenye diploma, kwamba huyo ndege simjui wala sitaki kumjua, na kwamba mtu mwenye akili zake hawezi kuandika upuuzi wa mawese hata akijifanya. Nikabonyeza kitufe cha kuhifadhi.

Haukupita muda, nikasikia meza ikipigwa kofi kwenye kompyuta ya dirishani.

"Eh! Huyu mujinga ameandika tena!"

Aliyesema ni mama wa vitenge. Alikuwa mteja wangu wa kila siku, muuza vitenge sokoni, kutoka Butembo, Kongo, aliyekimbilia kwetu na watoto wake, na ambaye kule alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Nilikuwa nikimwekea kile kiti kwa sababu ndicho chenye mto. Nilimsalimu kila asubuhi, akaniuliza habari za mke, nikamuuliza habari za soko.

Nikasimama nyuma yake. Kwenye kioo yalikuwa maneno yangu, bado yana moto.

"Mama," nikasema, "huyo mjinga unayemsema ni nani?"

"Mutu moja wa huku, papa. Ana kiburi! Anasema ana diploma, utafikiri ni yeye peke yake aliyesoma." Macho yake yakapanda ukutani, juu ya printa, yakakaa hapo. Akageuka polepole. "Njo wewe?"

"Ndiye mimi. Na wewe ndiye ndege?"

"Yesu na Maria! Niko nalipa intaneti kwa adui yangu!"

Wateja wakaacha kazi zao. Kijana wa Kinshasa akafa kichwani mwangu pale pale, na nikiri kwamba nilicheka kwa sauti mpaka nikashika meza. Yeye hakucheka mara moja.

"Papa, bakinifungia, nitapoteza bintu byote," akasema. "Nimeandika soko letu, shule yangu, ile mulima yenye iko nyuma ya parokia. Nyumba yangu imeungua. Hiyo tu njo imebaki nzima."

Hapo jambo likabadilika kwangu. Kuwa na shida yangu ni kitu kimoja, lakini mteja wangu kuzuiwa kwa sababu ya mtandao wangu ni kitu kingine. Nilifikiri kama fundi. Tukiandika kila mmoja kivyake, mkabidhi angesema mtu mmoja anaandika kwa mikono miwili. Tukipatana ghafla ingekuwa mbaya zaidi, maana huo ndio ungekuwa ushahidi wake. Maneno ya kuandika hayangetuokoa hata kidogo. Kilichobaki ni nyuso. Nikamwandikia mkabidhi, nikamweleza kwamba kompyuta zote za kituo changu hutumia anwani moja, nikaomba mazungumzo ya video mbele ya wakabidhi wengine, saa ya mchana, watu wote wakiona. Wazo hilo lilikuwa langu. Akakubali.

Siku hiyo mama wa vitenge alivaa kitenge kipya na mimi nikavaa koti. Tulikaa bega kwa bega mbele ya kamera, diploma ikionekana vizuri nyuma yetu. Mkabidhi alikuwa mzee mpole, mwenye kanzu, akizungumza taratibu kama anayepima dawa.

"Nawashukuru kwa kuja. Lakini watu wawili kukaa mbele ya kamera ni jambo rahisi, hata jirani anaweza kuombwa akae. Nitajuaje kwamba kila mmoja anaandika mwenyewe? Nani kati yenu aliyesema mawese yanaficha ladha?"

"Mimi," nikasema.

"Njo yeye," akasema mama. "Na ni uongo."

"Si uongo, mama. Ukitia mawese unakula mawese."

"Na wewe ukitia karanga unakula nini? Mutu mukubwa na diploma yake, anakula supu ya karanga, anaita sombe!"

"Mke wangu anapika sombe ambayo wewe ukionja utahama Butembo mara ya pili."

"Bibi yako maskini! Anapika hivyo juu haujamununulia mawese!"

"Samahani," mkabidhi akasema.

"Mzee, ngoja kidogo," nikamwambia. "Mama, majani mnayatwanga mara ngapi? Maana yale uliyonikaribisha siku ile kwenye kibanda chako sokoni yalikuwa na vijiti."

"Vijiti? Vijiti? Alikula sahani mbili, mzee! Mbili! Akalamba na kidole!"

Nilisikia wakabidhi wengine wakicheka kwenye vipaza sauti. Mzee alivua miwani, akajifuta macho kwa ukingo wa kanzu.

"Basi, jamani, basi. Ni watu wawili. Mtu mmoja hawezi kujichukia kwa ufasaha huu."

Shauri likafungwa. Mkabidhi alitutaka tulete maandishi yaliyochapishwa, si kumbukumbu za jikoni kwetu. Mimi nilipata kitabu cha kilimo kwenye maktaba ya Kasese, naye akaleta kijitabu cha mapishi kilichotolewa na masista. Vyote viwili vilisema sombe inaliwa pande zote mbili za mpaka, na hakuna kilichosema nani alitangulia. Kwa hiyo makala sasa inaanza na majani ya muhogo yenyewe, si na nchi. Chini yake kuna sehemu mbili, ya karanga na ya mawese, zenye urefu sawa. Najua ni sawa kwa sababu mama wa vitenge alizihesabu neno kwa neno. Kwenye kurasa zetu binafsi tumetangaza kwamba tunatumia mtandao mmoja, kama kanuni inavyotaka.

Tangu hapo wahariri wakikorofishana wananiita. Nimepatanisha watu wa nchi ambazo sijawahi kukanyaga. Mwaka huu nilipendekezwa kuwa mkabidhi mwenyewe, na nikashinda. Jumuiya nzima ya wahariri iliniunga mkono, isipokuwa kura moja iliyosema "Napinga", yenye jina la ndege.

Nilimfuata kwenye kompyuta ya dirishani. "Mama, hata wewe?"

Hakuondoa macho kwenye kioo. "Ningekuunga mukono, papa, bangesema umejipigia kura mwenyewe."

Nikamwongezea saa moja ya bure. Ushindi wangu hauna doa, na hakuna mkaguzi duniani atakayesema vinginevyo.