Nafasi Niliyomwombea Rafiki Yangu

Mwalimu mpya alifika chuoni kwetu mvua za masika zilipokuwa zikiishia. Alikuwa amevuka Mto Songwe kutoka upande wa Waingereza, na mgongoni alibeba mpira wa ngozi uliofungwa kwenye kitambaa. Sisi tulikuwa vijana wa chuo cha walimu cha misheni, karibu na ziwa, mwendo mfupi kutoka Lyulilo. Wamisionari wa Kijerumani walimleta atufundishe hesabu. Yeye moyo wake ulikuwa kwenye mpira.

Timu tulikuwa nayo hata kabla yake, kama unaweza kuiita timu. Tulipiga mpira wa majani makavu ya mgomba yaliyokazwa kwa kamba, wote tukikimbilia ulipo, na golini alikaa rafiki yangu. Mimi na yeye tulikuwa rika moja. Kwetu Unyakyusa vijana wa rika moja walijenga kijiji chao pembeni ya wazazi. Sisi wawili tulijenga nyumba moja ya mianzi, tukala pamoja tangu tulipokuwa wachunga ndama. Alikuwa mrefu, mpole, mzito kidogo kugeuka. Hakuna aliyewahi kufikiria kumtoa golini.

Mwalimu mpya alimtoa wiki ile ile. Alitupanga mstari, akatupigia mashuti mmoja mmoja, kisha akaninyooshea kidole mimi.

"Wewe utakaa golini. Huyu atakaa nje."

"Mwalimu, mimi huwa nacheza mbele," nilisema.

"Una macho mepesi. Nenda golini."

Rafiki yangu alikwenda kuketi kwenye nyasi. Jioni tulipokula ndizi na maharage alinisogezea fungu kubwa, akasema, "Kula, wewe ndiye mwenye kazi sasa." Nilisikiliza kama kuna kejeli katika sauti yake, sikuisikia. Angenitukana ningepumua.

Kiangazi kile tulikuwa watu wengine. Mwalimu alitukimbiza alfajiri kwenye mchanga wa ziwani mpaka wengine wakatapika. Alimpa kila mtu sehemu yake na kumkaripia aliyeiacha. Tulikwenda kwa miguu Ipinda kucheza na vijana wa shule ya huko, tukashinda. Tukaenda Talatala, tukacheza kwenye malisho, tukiteleza juu ya mavi ya ng'ombe, tukashinda tena. Wanawake walitupigia vigelegele. Kila niliposifiwa nilimtafuta rafiki yangu kwa macho, na kila mara nilimkuta pembeni, amekumbatia nguo zetu zisiguse tope. Ushindi ule sikuufurahia hata siku moja kama walivyoufurahia wenzangu.

Ndipo Bwana wa boma, Mjerumani aliyetawala wilaya yetu, akaalika timu yetu icheze na askari na makarani wake. Habari ile ilienea vijijini. Jioni moja nilimwendea mwalimu nyumbani kwake.

"Mwalimu, mechi ya boma naomba acheze mwenzangu."

"Unaumwa?"

"Siumwi. Golini palikuwa pake. Acheze mara hii moja tu, watu wamwone."

"Mimi sipangi timu kwa huruma."

"Basi nitoe kwa adhabu. Sitacheza."

Akakubali shingo upande. "Tukifungwa, utaeleza wewe."

Nilirudi nyumbani mbio. Rafiki yangu aliposikia kwamba atacheza hakuuliza kwa nini. Alitoka nje, akaanza kuruka na kudaka hewa mbele ya nyumba yetu kama mtoto, nami nikaona mzigo umenitoka.

Tulipanda milima hadi boma. Askari walicheza na viatu, wenzangu miguu mitupu, nami nikitazama kutoka pembeni. Walitushambulia karibu mchezo wote, na rafiki yangu akazuia kila kitu kwa mikono, kifua, hata uso. Damu ilimtoka puani, akaifuta na kurudi katikati ya milingoti. Sisi tukapata bao moja mwishoni. Bwana wa boma alishuka uwanjani, akampa mkono, akamshika bega na kulibonyeza, akimwambia karani wake maneno ya Kijerumani. Karani akatafsiri: "Bwana anasema wewe una nguvu." Njia nzima ya kurudi tulimwimba yeye. Nami niliimba kuliko wote.

Haukupita muda mrefu, vita vya Wajerumani na Waingereza vikaja. Mwalimu wetu, kwa kuwa alitoka ng'ambo ya Songwe, alijua ataitwa mpelelezi, akaondoka bila kutuaga. Siku chache baadaye askari waliingia uwanjani mwa chuo.

"Bwana wa boma anawataka wale waliotufunga," alisema mkubwa wao.

Wenzangu walidhani ni mechi nyingine. Mmoja alikimbia kuchukua mpira. Nami nilijipanga nao, maana hiyo ilikuwa timu yangu. Yule askari akanisukuma kifuani.

"Wewe sikukuona siku ile. Nani alikuwa golini?"

"Mimi!" alisema rafiki yangu, akanyoosha mkono juu, anacheka.

Waliwapeleka kuwa wapagazi. Waliwabebesha masanduku ya risasi, wakawapandisha milima ya Ukinga, wakaendelea nao mbali kwenye baridi na njaa. Wachache walirudi. Mmoja wao aliniambia kwamba rafiki yangu aliugua tumbo la kuhara damu, akaanguka njiani, na askari hawakuruhusu asubiriwe.

Wajerumani walipokwisha kuondoka, mwalimu alirudi. Nilimweleza yote. Nilitaka aniambie kwamba sikukosa.

"Kama nisingekuomba, ungemwacha nje," nilisema.

"Ningemwacha."

"Basi angekuwa hai."

"Na wewe ungekuwa umekufa. Na miili ile waliyoitaka niliijenga mimi," alisema, akainama.

Kwa mama wa rafiki yangu nilichelewa kwenda. Nilimkuta akimenya ndizi mlangoni. "Mwagonile, juba," nilimwamkia, kama tulivyozoea kuwaamkia mama zetu. Nilimweleza kwamba mimi ndiye niliyeomba acheze. Aliendelea kumenya mpaka zikaisha.

"Alicheza vizuri?" aliuliza.

"Vizuri sana, juba."

Akapika, akaniwekea chakula, akaketi kunitazama. Nilikimaliza chote, kwa sababu kukiacha kungekuwa kumkataa. Tangu hapo nililima shamba lake kila msimu hadi alipofariki. Tuliongea juu ya mvua, juu ya ng'ombe, juu ya watoto wangu. Siku ya mechi hakuitaja tena, nami sikuthubutu kumuuliza kama alinisamehe.