Kikoi Mgongoni mwa Johari

Nakumbuka siku moja niko bombani, Mji wa Kale, Kassim akasimama mbali kidogo nami, kwa adabu. Mwanangu, Kassim aliwahi kunichumbia kabla sijaolewa na marehemu Mbwana. Wote wawili walikodisha farasi wa kubeba mabwana harusi wa Kihindi, na mabanda yao yalipakana kule Mbaraki. Mbwana hakuwa akimwitikia hata salamu.

"Mwambie Mbwana daktari wa mifugo yuaja kesho kuchanja farasi wangu," alisema. "Amtoe farasi wake Johari naye achanjwe. Nimetoka ranchi huko bara. Wasiochanjwa wameshikwa na mafua, akikohoa mmoja, banda zima lakohoa."

Nilifikisha ujumbe. Mbwana akaweka kikombe chini. "Kumbe mwaongea bombani? Farasi ni kisingizio tu."

Johari hakuchanjwa.

Haukupita muda, farasi wa ranchi wakaletwa kubeba watalii ufukweni, wakanyweshwa maji Mbaraki, kwenye hodhi moja na Johari. Akaanza kukohoa, kamasi zikimtiririka, kichwa kimelala. Wa Kassim walikula majani yao kama hawana habari. Daktari alisema Johari apumzike, asifanye kazi hata kidogo mpaka nguvu zirudi.

Lakini kulikuwa na harusi, na njia yake ilipita chini ya dirisha letu. Nilimsihi Mbwana amwachie Kassim kazi ile.

"Afadhali wangu apite akikohoa," akajibu, "kuliko Kassim kupita chini ya dirisha lako na farasi wake."

Akampangusa Johari pua, akamvisha shada la asumini. (Johari alikuwa na macho mazuri kuliko yangu, na Mbwana hakuona haya kuniambia.) Walipofika karibu na Ngome ya Yesu, Johari akasimama, miguu ikimtetemeka. Bwana harusi akaruka chini na kilemba chake.

"Mbebe wewe sasa!" vijana wakampigia Mbwana kelele.

Kassim akatokea kwenye umati. Alivua kikoi alichojitanda mabegani, akamfunika Johari mgongo. "Mbwana, shika upande huo." Wakamrudisha Mbaraki polepole, mmoja huku, mmoja kule.

Johari alikufa. Mapafu yalishaharibika.

Mavyaa wangu, mamake Mbwana, alimkuta mwanawe amekaa bandani, kikoi mapajani. Akamwambia, "Mwanangu, ulikuwa ukimlinda mke asiondoke. Mkeo yuko pale mlangoni. Aliyeondoka ni Johari."

Mbwana tumemzika juzi, na Kassim alikuwa mbele kwenye jeneza. Ndiyo maana nakwambia leo. Neno la kheri lipokee, hata likitoka kwa mtu usiyempenda. Mnyama wako mchanje mapema, akiugua mpumzishe. Na ukiona wivu umekushika, usimfanyie maamuzi asiyeweza kusema.

Mungu akupe moyo mkunjufu, mwanangu, na nyumba isiyoogopa salamu za jirani.