Wakili wa Nyasubi

Sokoni Nyasubi wanamwita Wakili, ingawa bado yuko chuo kikuu, anasomea sheria za biashara kati ya nchi na nchi. Likizo humsaidia mama yake, Mama Ndaki, kuuza mchele. Akipepeta, midomo haitulii: "Mheshimiwa Jaji, naomba kuwasilisha hoja..." Sauti yake ni nyembamba, ina lafudhi ya Kisukuma ambayo wenzake chuoni huicheka, na kila anapoanza hoja hufuta viganja kwenye khanga.

Juzi alirudi mteja kutoka Burundi, akalalamika kwamba magunia aliyofungua kwao yamejaa chenga, punje zilizokatikakatika. Mama Ndaki akaja juu. "Ukishavuka mpaka, mzigo ni wako! Wakili, mweleze!" Wachuuzi wakasogea. Binti akafuta viganja, akachota punje alizokuja nazo mteja, akazitazama kwa muda.

"Mama, sampuli tuliyomwonyesha haikuwa na chenga hizi. Haki ni yake."

Mama Ndaki akaburuta gunia la supa, mchele wa daraja la juu, akalifungua mbele ya mgeni. "Huyu nimemsomesha mimi mwenyewe," akawaambia wachuuzi, na hakuna aliyejua kama analalamika au anajivuna.