Kuku wa Fundi Cherehani

Mtaa mzima ulimwita Bibi Mikono. Alikuwa mkunga wa zahanati kwa miaka thelathini na mbili, na nusu ya waliomwamkia njiani aliwapokea mwenyewe siku ya kwanza, wakiwa uchi na wamekasirika. Alipostaafu alifuga kuku sita nyuma ya jikoni. Mmoja alipokwamwa na yai, alimkalisha kwenye beseni la maji ya vuguvugu, akampaka mafuta, akasubiri. Yai likatoka, na habari nayo ikatoka. Tangu hapo kila kuku aliyenuna aliletwa kwake.

Ndivyo alivyokuja fundi cherehani, jirani yake, asubuhi moja, kuku wake mwekundu kamfunika kipande cha kitambaa.

"Shikamoo bibi. Wiki ya tatu hajataga. Anatembea wima kama mjamzito."

"Marahaba. Hebu mlete."

Tumbo lilikuwa limevimba, la moto. Bibi Mikono alipapasa akitafuta ugumu wa yai, asiupate. Kilichokuwemo kilicheza kama maji mfukoni. Angekuwa mwanamke kitandani, angemwandikia rufaa papo hapo. Lakini fundi alikuwa akiitazama ile mikono, na sifa inalevya.

"Yai limejificha," akasema, akabonyeza.

Kuku akapanua mdomo, akatweta, majimaji yakamtoka, shingo ikalala.

"Amefanyaje?" fundi akauliza kwa sauti ndogo.

"Amekufa, mwanangu."

Walimpeleka pamoja kwa daktari wa mifugo, binti mwenye umri wa kuwa mjukuu wa Bibi Mikono. Alimpasua kuku mezani. Tumbo lilijaa maji ya njano na mabonge kama kiini kilichochemshwa.

"Viini vilikuwa vinakosea njia," daktari akaeleza. "Badala ya kuingia kwenye mrija wa mayai, vinadondokea tumboni, vinaoza. Huu ni ugonjwa wa muda mrefu. Asingepona."

Fundi akashusha pumzi. "Basi si kosa la mtu."

Bibi Mikono angeweza kunyamaza, mambo yakaishia hapo.

"Na akibonyezwa?" akauliza.

"Maji yanambana, anakosa hewa."

"Nilimbonyeza mimi. Nilishajua si yai, nikabonyeza."

Walirudi pamoja mtaani. Walipofika mlangoni kwake, fundi alisema, "Nilikuwa namwita Bi Harusi. Nikizima cherehani tu, yuko kizingitini ananingoja."

"Pole, mwanangu. Nisamehe."

Fundi akaitikia kwa kichwa, akaingia ndani.

Kwa miezi miwili salamu zake zilikuwa za mbali. Kuku wengine waliendelea kuletwa. Bibi Mikono akigusa ugumu wa yai, aliagiza beseni. Akigusa maji, aliiweka mikono mapajani na kusema, "Huyu ni wa daktari. Mimi nimefika mwisho." Wengine waliondoka wakinong'ona kwamba bibi kazeeka. Aliwasikia, akawaacha.

Jioni moja fundi aliingia kwa mlango wa uani bila kubisha, akampakatisha bibi mtetea mchanga mwenye madoadoa.

"Mpapase, bibi. Naona tumbo limekua. Niambie ukweli, hata kama ni mchungu."

Bibi Mikono alipapasa taratibu, akarudia tena.

"Huyu haumwi," akasema. "Ni mnene tu. Mpunguzie mahindi."

Fundi akacheka, akavuta kigoda, akakaa.