Mbuzi wa Klabu ya Waungwana

Wazungu walipoondoka Meru walituachia klabu yao na kila kitu chake: viti vya ngozi, meko ya kuotea moto, na sheria. Viti vilichakaa. Sheria zilitunzwa kuliko mbegu za mahindi. Wanaume waliolelewa kwa mukimo, viazi na mahindi ya kupondwa, walikaa humo na makoti yao, wakipishana mlangoni kwa adabu mpaka chai ikapoa, na sisi wanawake mwisho wetu ulikuwa barazani.

Mume wangu, mwalimu mzaliwa wa Siakago kule Mbeere, alitamani sana kuingia. Nilimcheka, lakini nilijua kilichomuuma. Miaka yote tuliyoishi Meru aliitwa yule mgeni wa Mbeere, naye aliamini kwamba siku akikalia kiti kile cha ngozi atakuwa mwenyeji. Jirani yetu, katibu wa klabu, akapeleka jina lake.

Kura ilipigwa Kizungu. Kila mwanachama aliingiza mkono kwenye tundu la kisanduku cha mbao akadondosha gololi, nyeupe ya kukubali au nyeusi ya kukataa, wala hakuna aliyeona ya mwenzake. Nyeusi moja ilitosha kumfungia mtu mlango.

Sasa, kwetu mwanamume haingii kwenye daraja la wazee mikono mitupu. Hutoa mbuzi, na wakishamla wamempokea. Kwa hiyo siku ya kura mume wangu alifika amevaa tai, akivuta beberu mnene kutoka kwao. Katibu aliwakuta kwenye nyasi za gofu, ambazo beberu alikuwa ameshaanza kuzila.

"Mwalimu, hii ni klabu. Hapa hatufanyangi mambo ya mbuzi."

"Basi nimrudishe?"

Katibu alimtazama beberu, akawatazama wenzake waliojazana dirishani. "Sasa utamrudisha aje, na ametoka mbali hivyo?"

Wakamchoma nyuma ya jengo, tai wamezitupia begani zisiingie mafuta. Nikiwa barazani nilisikia vicheko ambavyo chai yao haikuwahi kuvileta. Kisha wakanawa, wakaingia ndani, wakapiga kura. Gololi nyeusi ilikuwa moja.

Niliwakasirikia mpaka nikakosa usingizi. Mume wangu alikunja tai akaiweka kabatini.

Halafu wakaanza kuja nyumbani, mmoja mmoja, kuapa kwamba si wao. "Mimi nikule mbuzi ya mtu halafu nimkatae? Mama, mimi siko hivyo." Wote waliapa, na wote walikunywa chai yangu. Mwisho akaja katibu kusema kamati imekubali kura irudiwe.

"Sawa," mume wangu akasema. "Lakini tuinue mikono."

Katibu alikizungusha kikombe chake. "Kwa mikono utapita, Mwalimu. Hata huyo mwenye alikukataa atainua. Lakini kesho watu watataka kila kitu ni mikono. Na sisi tumezoea ile sanduku."

Mume wangu akacheka, kwa mara ya kwanza tangu siku ile. "Basi jificheni huko. Mimi nimeridhika hapa."

Hakuomba tena. Katibu ndiye aliyezoea kuja kwetu Jumamosi, bila koti, akakaa na sisi sote mpaka jioni. Rangi ya gololi yake hatukuwahi kumwuliza.