Bi Uzi na hisa alizoogopa kuziuza

Saa moja asubuhi, na nyusi za Bi Uzi zimeshakuwa nyeupe. Mfuko wa unga unakuja kwenye mkanda, anaukunja mdomo na kuupitisha kwenye mashine ya kushonea inayoning'inia mbele yake. Trrr! Unaofuata. Kwa zamu moja hushona mifuko elfu moja na mia mbili, na leo wenzake hawamwachi ashone kwa amani.

"Tajiri, habari za asubuhi!" anamtania mpakiaji mmoja. "Bado unatafuta nini humu?"

"Natafuta akili zangu," anajibu bila kuinua uso.

Hatanii. Mwezi uliopita mama huyu wa miaka hamsini na mitatu aliambiwa kwamba hati ya hisa aliyoifungia sandukuni ina thamani ya mshahara wake wa miaka kumi na mmoja. Tangu hapo kichwa kinamzunguka.

Miaka ishirini na mmoja iliyopita kiwanda kiliwauzia wafanyakazi hisa, wakakatwa mishahara kidogo kidogo kwa nusu mwaka. Haukupita muda, wengi wakaziuza, wakanunua magodoro na baiskeli. Mwaka uliofuata kiwanda kikapunguza watu, na ikatokea tu kwamba karibu wote walioondolewa walikuwa wameuza.

Bi Uzi akaunganisha mambo. "Nikajua hisa ndiyo kazi yenyewe. Ukiuza, umejifukuza. Karani aliyetuuzia alisema ni hisa za wafanyakazi. Sasa ukishauza, wewe ni mfanyakazi gani?"

Hakumuuliza mtu. Bei ilipoporomoka, hakuuza. Gawio la kila mwaka alidhani ni zawadi ya kiwanda, akanunulia sare za shule. Mara mbili kampuni iliwaongezea wanahisa hisa za bure. Barua zikaja, naye akazitia sandukuni bila kuzifungua. Hisa mia sita zikawa elfu mbili na mia nne, mwenyewe hana habari.

Kwa kuwa anakaribia kustaafu, mwezi uliopita alimfuata mhasibu kumuuliza azirudishe wapi. Mhasibu alicheka mpaka akavua miwani. "Mama, hizi ni zako! Ungeuza hata jana, leo ungekuja kazini kama kawaida."

"Ofisi nzima ikacheka," anasema. "Mimi sikucheka."

Hakucheka kwa sababu miaka kumi na minne iliyopita binti yake alichaguliwa kujiunga na chuo cha uuguzi, na ada haikuwepo. Mumewe alimsihi auze hisa, wakagombana wiki nzima. Bi Uzi alikataa katakata. Binti akaenda kujifunza ushonaji. Leo ana miaka thelathini na miwili na kibanda chake cha nguo.

"Wananisifu eti nina subira. Subira ipi? Nilikuwa naogopa! Lakini ningeuza siku ile, leo kungekuwa na nini? Sasa nilikosea au nilipatia? Hebu niambie, wewe uliyesoma."

Hamsubiri mwandishi ajibu; anavuta mfuko unaofuata.

Jumapili alasiri alikwenda kibandani kwa binti yake akiwa na fomu ya chuo mkobani. "Akaniambia, 'Mama, na umri huu nikakae darasani na watoto?' Nikamwambia watamwita dada. Akakasirika. 'Nililia mwezi mzima, kumbe hukuuliza tu?' Nikamjibu, ndiyo, mwanangu. Sikuuliza."

Jumatatu ijayo Bi Uzi atakwenda kwa dalali wa hisa kuuza hisa mia tano, zinazotosha ada ya miaka mitatu. Zilizobaki hazigusi. Hajaelewa bado zilivyokua, anasema, ila hazimwombi chakula.

Na binti, amekubali?

Bi Uzi anajifuta unga machoni. "Alimaliza kushona upindo wa gauni la watu. Halafu akaichukua ile fomu, akaniuliza, 'Kalamu unayo?'"