Bibi Alikataa Kupigwa Kutoka Juu

Soko huria lilipotuletea kamera za video Masasi, nami nikajifanya fundi. Nilikuwa nimepiga harusi tatu tu, lakini maringo yangu, we acha! Ndipo bibi yangu mzaa mama akaniita kijijini kwake, Mkunya.

Mjomba, mwanawe wa pekee wa kiume, alikuwa ameandika kutoka Dar: amesikia mama amechoka, anakuja kumchukua akakae naye mjini. Bibi hakutaka kabisa. "Na mikorosho yangu nimwachie nani? Nipige video aone kama nimechoka."

Nikapanda ngazi ya ghala, nikampiga kutoka juu ili uwanja wote uonekane. Kisha tukaenda kwa jirani mwenye televisheni ya betri ya gari. Lo! Bibi alikuwa kitu kidogo katikati ya uwanja, kanga imemmeza.

"Huyu ndiye mimi?" Bibi akaisogelea televisheni. "Mwanangu akiona hii, kesho yuko hapa kunibeba."

Niliona aibu, maana ni mimi niliyempunguza. Nikaanza kujitetea, eti ngazi ilikuwa ndefu. Akanikata.

"Tangu lini mjukuu akamsimamia bibi yake kichwani? Umefika toka asubuhi, umeniamkia? Chuchumaa!"

Kweli, kamera ilikuwa imenisahaulisha adabu. Tukarudi uwanjani, nikachuchumaa na kamera yangu begani. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba."

Nikachungulia kwenye kioo cha kamera. Mama yangu! Bibi amejaa kuanzia mavumbini hadi kwenye matawi ya mkorosho, kidevu juu, ndonya yake, kile kipande cha mti cha urembo, kwenye mdomo wa juu, anaangalia shamba lake. Nikabonyeza hapo hapo. Halafu nikasogea karibu kabisa, nikapiga mikono yake tu, ikinyofoa korosho kwenye mabibo bila kutetemeka. Nilimpenda bibi yule siku ile hadi machozi yakanilenga. Kanda ikaondoka na basi kwenda kwa mjomba.

Mjomba alikuja hata hivyo, ahakikishe mwenyewe. Alisimama mlangoni na begi lake, akimwangalia mama yake aliyekaa kitini.

"Mama, mbona kwenye video ulikuwa mkubwa?"

Bibi hakuinua hata macho, aliendelea kuchambua korosho.

"Mpwa wako alianza kwa kuniamkia."

Mjomba akaweka begi chini, akachuchumaa, akamwamkia. Akamtazama kutoka chini, na habari za Dar hakuzitaja tena.